Uzi: Ukiagiza hisa, taja bei. Limiti, stopu, na soko lenye wanunuzi wachache

Mtoto wa Mkunazini

Assalaam alaykum wanabaraza.

Wiki iliyopita kijana jirani yangu alinijia na simu mkononi. Ameuza vespa yake na anataka kununua hisa zake za mwanzo. Kashajaza kila kitu, kidole kiko juu ya kitufe. Nikamwuliza, umetaja bei? Akanambia, bei si hiyo imeandikwa hapo juu? Nikamshika mkono, tukakaa kitako mpaka adhana ya isha. Tuliyozungumza nayaweka hapa, maana sisi visiwani tunaingia kwenye hisa kwa wingi sasa na jambo hili hatufundishwi skuli wala hatulikuti kwenye barza la kahawa.

Bei unayoiona kwenye skrini ni ya biashara iliyokwisha fanyika. Ni bei ya mtu mwengine. Yako haijawepo bado.

Chukulia mnada wa samaki Darajani. Unamtuma mtoto akakuchukulie nguru. Ukimwambia "kanunue tu, usirudi mikono mitupu", atanunua kwa bei yoyote itakayofikiwa na dalali. Hiyo ndiyo oda ya soko. Ukimwambia "usipite 40,000", atarudi na nguru wa 40,000 au chini yake, au atarudi bila ya nguru. Hiyo ndiyo oda ya kikomo, vijana wanaiita limiti. Stopu ni ya upande wa pili, upande wa mwenye samaki. Umemwachia mtu samaki wako ukamwambia: "Usiuze sasa, lakini ukiona bei imeshuka ikafika 30,000, uza." Hapo pana mtego ambao watu wengi hawauoni. Hukumwambia auze *kwa* 30,000. Umemwambia aanze kuuza bei *ikifika* 30,000. Akifika mbele ya wanunuzi na mkubwa wao anatoa 24,000, samaki ataondoka kwa 24,000.

Sasa yaliyonifika mimi. Miaka michache nyuma nilitaka hisa 1,000 za kampuni moja ya DSE, yaani soko la hisa la Dar es Salaam. Ni ndogo, jina naliacha. Skrini inasema 520. Nikapiga hesabu: 520,000, ninazo. Nikatuma oda ya soko. Foleni ya wauzaji asubuhi ile ilikuwa hivi: hisa 200 kwa 520, hisa 300 kwa 540, hisa 500 kwa 590. Oda ya soko haiulizi. Ilikula 200 za mwanzo, ikapanda ikala 300, ikapanda tena ikala 500. Jumla 561,000, yaani 561 kwa kila hisa. Shilingi 41,000 zimekwenda kwa kuacha kisanduku kimoja wazi, na hapo kamisheni bado. Zinatosha nauli ya boti kuvuka kwenda Dar.

Ningeandika limiti ya 525 ningepata hisa 200 kwa 520, na 800 zilizobaki zingekaa kwenye foleni kusubiri muuzaji. Labda ningesubiri siku mbili, labda wiki mbili. Lakini 590 nisingelipa kamwe.

Soko la Dar lilianza biashara mwaka 1998 na kampuni moja tu, TOL. Leo kampuni ni nyingi na benki kama NMB na CRDB hupata wanunuzi na wauzaji kila siku, lakini ziko hisa ambazo siku inapita hazijabadilisha mkono hata moja. Kwenye hisa kama hizo mimi situmii oda ya soko, na simshauri mtu yeyote aitumie, akiwa na fedha nyingi au kidogo.

Stopu nitaiandikia baadae, ina mambo yake. Karibuni.

Bi Chake

Ahsante sana kaka. Mimi niko Chake, mwalimu, naweka kidogo kidogo kila mwezi. Swali langu: ukiandika limiti 525 na muuzaji yuko 520, utalipa 525? Nilikuwa naogopa kuweka juu nikidhani nitatozwa hiyo hiyo.

Mtoto wa Mkunazini

Swali zuri Bi Chake, na wengi linawazuia. Hapana. Limiti ya kununua ni dari. Aliyekwisha kuwepo kwenye foleni kwa 520 ndiye unayekutana naye, na unalipa 520 yake. Limiti ya kuuza ni sakafu, vivyo hivyo: ukisema "si chini ya 500" na mnunuzi yupo tayari kwa 510, unapata 510.

Foleni yenyewe hupangwa kwa bei kwanza, halafu kwa wakati. Mnunuzi wa 525 yuko mbele ya mnunuzi wa 520 hata kama wa 520 alifika alfajiri. Waliotaja bei moja, aliyetangulia ndiye wa mwanzo. Ndiyo maana ukibadilisha bei ya oda yako unapoteza nafasi yako na kwenda kusimama nyuma ya waliokuwepo kwenye bei hiyo mpya. Nimeona watu wanachezea bei yao mara tano kwa siku, kila mara wanajirudisha mkiani.

Nahodha wa Wesha

Yakhe, mie limiti ndiyo iliyonitesa. Niliweka 310 kwenye hisa iliyokuwa 315. Ikaja 312, ikaja 311, ikageuka. Sasa iko 380 na mie sina hata moja. Shilingi moja tu. Bora ningenunua kwa soko.

Mtoto wa Mkunazini

Nahodha, pole. Hayo ndiyo malipo ya limiti na sitaki kumficha mtu: inakulinda na bei mbaya, haikuhakikishii kupata. Lakini angalia ulichokuwa unakitafuta. Kama ulitaka kukaa nayo miaka mitano, tofauti ya 310 na 315 haikuwa na maana, ungeweka limiti ya 316 ukachukua waliokuwepo pale pale. Limiti si lazima iwe chini ya bei ya soko. Mimi siku hizi nikitaka hisa kwa hakika naangalia muuzaji wa chini kabisa ni nani na ana hisa ngapi, halafu naandika bei yake au shilingi mbili tatu juu yake. Napata karibu haraka ya oda ya soko, na bado kuna ukuta nyuma yake.

Wale wanaotaka bei ya chini, wavue kwa subira na wakubali kurudi na dema tupu.

Kijana wa Mwera

Mimi nafanya hisa za Marekani kwa simu. Saa zao zinanifaa: kipindi chao cha joto soko linafunguliwa saa 10:30 jioni kwa saa zetu mpaka saa 5 usiku, kipindi cha baridi linasogea saa nzima mbele. Natoka kazini, nakaa. Kule foleni ni nzito, ukiweka oda ya soko kwenye kampuni kubwa senti moja mbili tu zinapotea. Na stopu naweka kila hisa. Ukishaweka stopu unalala, hasara yako unaijua. Sioni mtego uko wapi.

Mtoto wa Mkunazini

Nimefurahi umekuja Kijana, maana neno lako "hasara yako unaijua" ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kwa kampuni kubwa, saa za soko, siku tulivu, uko sahihi. Stopu ya dola 95 itakutoa dola 94 na senti tisini na kitu. Tatizo ni kwamba siku tulivu siyo uliyoiwekea stopu.

Chukua Netflix mwezi Aprili 2022. Tarehe 19 ilifunga karibu dola 348. Soko limeshafungwa, kampuni ikatangaza kwamba imepoteza wanachama 200,000 katika robo ile ya mwaka. Siku ya pili ikafunga karibu dola 226, imeanguka asilimia 35 kwa siku moja. Mtu aliyeweka stopu ya 320 akalala akijua hasara yake ni dola 28 hivi kwa hisa, ameamka hana hata biashara moja ya saa za kawaida iliyopita kwenye 320. Bei iliruka kutoka juu mpaka chini ya stopu yake usiku, stopu ikaamka pamoja na soko, na kilichouzwa kikauzwa kwa bei ya kule chini. Stopu haikuvunjika. Imefanya kile kile ilichoagizwa: bei ikifika hapa au ikipita, geuka uwe oda ya soko.

Ndiyo sentensi niliyomwandikia yule jirani yangu kwenye karatasi. Stopu ikishaguswa inakuwa oda ya soko. Kila ubaya wa oda ya soko inao, na inaupata saa ambayo wanunuzi wamekimbia.

Kijana wa Mwera

Hiyo nimekubali. Lakini hapo hata bila ya stopu angekula hasara ile ile.

Mtoto wa Mkunazini

Kwa Netflix ndiyo, na pengine stopu ilimsaidia, maana hisa iliendelea kushuka baada ya pale. Sisemi stopu ni mbaya. Nasema siyo ahadi ya bei.

Ziko siku nyengine ambazo stopu yenyewe ndiyo iliyoleta hasara. Tarehe 6 Mei 2010, kipimo cha Dow, kinachopima bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilianguka karibu pointi 1,000 na kurudi sehemu kubwa ndani ya dakika chache. Katikati pale zilikuwepo hisa za kampuni nzito zilizouzwa kwa senti moja. Senti moja! Oda za soko, na stopu zilizogeuka oda za soko, zilipoteremka zikakuta foleni ya wanunuzi tupu kabisa, kumebaki bei za senti moja zilizowekwa pale kutimiza kanuni tu, ambazo aliyeziweka hakutarajia zitumike. Baadae masoko yakafuta biashara zilizopotoka kwa zaidi ya asilimia 60. Ambazo hazikufika hapo zilibaki. Mtu aliyetolewa kwa nusu ya bei, hisa ikarudi mahali pake dakika kumi baadae, yeye hakurejeshewa kitu.

Tarehe 24 Agosti 2015 ikatokea tena asubuhi soko lilipofunguliwa. Safari hii walioumia zaidi ni wenye mifuko inayouzwa sokoni kama hisa, ile ambayo watu huiona salama kwa sababu imebeba kampuni nyingi ndani yake. Bei ya mfuko ikaanguka kupita thamani ya vilivyomo, stopu zikaguswa, zikauza, zikazidi kuiteremsha, zikagusa stopu nyengine. Soko la New York, NYSE, likaja kuacha kabisa kupokea oda za stopu kuanzia tarehe 26 Februari 2016. Madalali wengi bado wanawawekea wateja stopu, lakini ndani ya mifumo yao wenyewe, bei ikiguswa ndipo wanaipeleka sokoni kama oda ya kawaida.

Bi Chake

Subhanallah. Sasa hapa kwetu? Nikiweka stopu kwenye hisa za DSE itakuwaje?

Mtoto wa Mkunazini

Kwanza muulize dalali wako kama mfumo anaotumia unaipokea stopu, na ikiguswa nani anaipeleka, mashine au mtu. Asipoweza kukujibu kwa sentensi mbili, usiitegemee.

Ikipokelewa, piga hesabu kama hii. Una hisa 1,000, umeweka stopu 480. Mtu mmoja mwenye shida ya ada ya skuli ameuza hisa zake 10 kwa 480. Kumi tu! Stopu yako imeguswa. Wanunuzi waliobaki: mmoja anataka 150 kwa 470, mwengine 250 kwa 450, wa tatu 600 kwa 410. Unauza zote na kupata 429,000, yaani 429 kwa hisa, wakati ulilala ukijua una 480,000. Masoko mengi yana mpaka wa kiasi gani bei inaweza kusogea kwa siku moja, na mpaka huo unaweza kukuokoa na ile 410, lakini basi utabaki na hisa ambazo hazijauzwa.

Kuna dawa ya nusu: stopu yenye limiti. Unataja bei mbili. "Ikifika 480, anza kuuza, lakini si chini ya 460." Katika mfano huu 150 zinauzwa kwa 470, na 850 zinabaki kwenye foleni kwa 460. Bei ikirudi juu, alhamdulillah. Ikiendelea kuporomoka, unaitazama inakupita na hisa zako mkononi. Unachagua jambo gani unaloliogopa zaidi: kuuza kwa bei mbaya, au kutouza kabisa. Hakuna oda inayoondoa yote mawili, na mtu akikuuzia kozi ya kusema ipo, mkimbie.

Maoni yangu mimi, na wengine mnaruhusiwa kunikatalia: kwenye hisa isiyo na wanunuzi wengi, kinga yako ni kiasi unachonunua. Nunua kiasi ambacho ikishuka nusu hutakosa unga ndani. Stopu haiwezi kuumba mnunuzi ambaye hayupo.

Fundi wa Mkoani

Mimi nawaambia kitu kimoja kuhusu stopu ya kichwani. Nilikuwa nasema "ikifika pale nitauza mwenyewe, sina haja ya kuiandika". Siku ilipofika, mtandao Mkoani haupo tangu mchana. Kurudi usiku, bei imeshapita mbali. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009, umeme ulipokatika ukarudi Machi 2010, wanajua kisiwa kinaweza kukaa gizani miezi mitatu. Oda iliyoandikwa iko kwa dalali, haijali kama kwako kuna umeme. Ya kichwani inakatika na umeme wako.

Na hata mtandao ukiwepo, wallahi moyo hauuzi. Bei ikifika pale unajiambia ngoja kidogo.

Mtoto wa Mkunazini

Fundi umesema kweli, na hili lina uzito kuliko yote niliyoandika juu ya stopu. Hiyo ndiyo faida yake halisi: uamuzi umeufanya ukiwa na akili iliyotulia.

Lakini oda iliyoandikwa nayo inasahauliwa. Iko oda ya siku, soko likifungwa inakufa. Na iko inayoishi mpaka uifute au muda wake uishe. Mimi niliwahi kuacha limiti ya kununua, nikaisahau wiki kadhaa. Ikaja habari mbaya ya kampuni ile, bei ikaanguka, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale chini nimefungua mikono. Nimepata hisa nilizoacha kuzitaka siku nyingi. Tangu hapo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini napitia oda zangu zote zilizo hai.

Na gawio, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila ya gawio, bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kama cha gawio lenyewe. Hisa iko 500, gawio ni 30, stopu yako 480. Asubuhi inafunguliwa 470, stopu imeguswa, umeuzwa, na kampuni haina ubaya wowote. Wapo madalali wanaoishusha stopu wenyewe siku hiyo, wapo wasiofanya. Uliza.

Nahodha wa Wesha

Na ile stopu inayopanda yenyewe?

Kijana wa Mwera

Hiyo naijibu mimi, naitumia. Unaweka umbali, tuseme asilimia 10. Umenunua kwa 100, stopu iko 90. Bei ikipanda 140 stopu inafika 126. Bei ikishuka stopu haishuki, inakaa. Ni nzuri hisa ikiwa na mwendo mmoja. Ikiwa inayumbayumba kama ngalawa kwenye kusi, itakutoa kila wiki na kamisheni inakula. Na bei ikiiruka usiku kama ile Netflix ni yale yale.

Iko pia stopu ya kununua, juu ya bei ya sasa: ikipanda ikafika hapa, nunua. Hutumiwa sana na wanaouza hisa za kuazima, yaani wanaoazima hisa, wakaziuza, wakitaraji kuzinunua tena bei ikishuka. Bei ikipanda wao ndio wanaokula hasara, na stopu hii ni ya kuizuia isizidi kukua.

Maalim wa Kajificheni

Hapo pa hisa za kuazima nawaomba mtulie. Mtume (s.a.w.) alimwambia Hakim bin Hizam: "Usiuze usichokuwa nacho." Wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wameikataza biashara ile kwa msingi huo. Ama limiti, ni kumpa wakala wako bei, na wakala kupewa bei na mwenye mali ni jambo la kale katika fiqhi. Oda ikiwa kwenye foleni bado si mauziano, unaweza kuifuta. Kinachobaki ni kutazama kampuni yenyewe inafanya shughuli gani, na hilo ni somo lake mbali.

Mtoto wa Mkunazini

Jazakallahu kheir Maalim.

Bi Chake

Baba yangu ana mikarafuu Pemba na nimemsomea uzi huu wote. Kanambia, karafuu zangu nazipeleka ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, bei ni moja, sina limiti wala stopu, nauza au nazirudisha nyumbani. Halafu akaniuliza: hao wanunuzi wa hisa zako unawaona? Nikamwonyesha foleni kwenye simu. Akakaa nayo muda mrefu, anahesabu kwa kidole nani anataka ngapi.

Leo asubuhi nimeweka oda yangu ya mwanzo kwa kutaja bei. Hisa 300, limiti 412, oda ya siku. Muuzaji wa chini alikuwa na hisa 120 kwa 410, wa pili 415. Nimepata zile 120. Za 180 hazikupatikana mpaka soko limefungwa, na oda imekufa.

Mtoto wa Mkunazini

Umepata kwa 410 na wala si 412. Kesho angalia kwanza huyo wa 415 yupo bado na ana ngapi, ndipo uamue kama unapanda au unasubiri. Usiiandike usiku huu ukiwa umechoka.

Bi Chake

Nitasubiri. Baba kanambia niweke 411.